Usukani Uliochafua Kanzu

Kanzu yangu ya Ijumaa ilikuwa na alama nne nyeusi upande wa kulia, chini kidogo ya mfuko, na nyingine pana kwa nyuma, pale mtu anapojikung'uta akishuka garini. Mke wangu aliiloweka, akaisugua kwa sabuni ya mche, akaianika juani, na alama zikabaki zilipo. Akaniletea mezani kama polisi anayeleta kidhibiti mahakamani.

"Baba, hizi ni alama za nini? Masizi ya jikoni nayajua. Haya siyo."

Sikuwa na jibu. Mimi ni wakala wa forodha hapa Busia, upande wa Uganda, na siku nzima nashika makaratasi, kalamu, mikono ya madereva na simu mbili. Lolote lingeweza kunichafua. Jioni nilipoingia garini ndipo nikapitisha ukucha kwenye usukani, nao ukatoka na uchafu mweusi unaonata kama ulimbo. Nikawasha taa ya ndani. Pale mshale wa saa unaposimama saa nne asubuhi, na pale unaposimama saa nane mchana, usukani ulikuwa umeliwa. Ngozi yake ya juu, ambayo kumbe si ngozi bali ni plastiki laini ya poliyurethani, ilikuwa imefumuka na kugeuka makombo. Sehemu nyingine bado ilikuwa ngumu na safi. Hizo mbili tu, zinazolingana na viganja vyangu.

Gari lenyewe ni Toyota Premio ya 2003, lililoingia nchini zamani kidogo, kabla ya sheria ya 2018 iliyofunga mlango kwa magari yaliyopitisha miaka 15. Injini haina neno. Viti vimechoka kidogo, lakini kiti hakichafui kanzu ya mtu.

Nimejaribu kuhesabu kilichoumaliza usukani ule. Jua ni la kwanza: Busia iko karibu na ikweta, na gari la wakala hushinda limeegeshwa palipo na nafasi, si palipo na kivuli. La pili ni jasho. La tatu ni mafuta ya kujipaka, maana sisi tunajipaka mikono asubuhi kisha tunashika usukani kabla hayajakauka. Lakini mimi naamini kilichoupiga dafrao ni sanitaiza. Mtu aliyefanya kazi mpakani 2020 anakumbuka: foleni ya malori isiyoonekana mwisho, madereva wanangoja majibu ya vipimo, na kila mlango una chupa. Nilikuwa nanyunyiza mikono mara thelathini kwa siku, narudi garini viganja vikiwa bado na majimaji ya spiriti, nakamata usukani. Spiriti haiulizi kama hiki ni kirusi au ni plastiki ya Mjapani.

Jambo la kwanza nililofanya ni lile linalofanywa na kila mtu. Nilinunua kava kwa kijana anayetembeza vitu barabarani, ile ya kuvisha kama soksi. Nilikaa nayo wiki mbili. Siku moja natoka Bugiri, mbuzi akakatiza barabara, nikakata usukani kushoto, na kava ikaenda kushoto peke yake. Usukani ulibaki palepale kwa muda ambao sitaki kuukadiria. Mbuzi alipona. Kava niliivua nikiwa bado kando ya barabara, nikaitupa nyuma, na tangu siku hiyo nikimwona mtu amevisha usukani wake ile manyoya ya rangi rangi namwonea huruma kidogo.

Fundi wa viti huko Kampala aliniambia shilingi 180,000 na niache gari siku mbili. Bei sikuigombania sana. Siku mbili ndizo zilizonishinda, kwa sababu wakala asiye na gari Busia anageuka abiria wa boda, na boda ya mpakani haingoji mtu amalize kuongea na afisa. Nikasema nitashona mwenyewe. Mke wangu alicheka, na alikuwa na haki, maana hata kifungo cha shati ananishonea yeye.

Basi nikapima. Usukani wa Premio una kipenyo cha sentimita 38 hivi, na nilipouzungushia uzi kwa nje nikapata sentimita 119. Nikanunua kipande cha rekzini nyeusi, ile ngozi ya bandia, nikakikata urefu wa sentimita 119 kamili, na upana wa kuuzunguka sawasawa unene wa duara la usukani, nikakipaka gundi na kukivisha. Kwa nje kilikaa vizuri mno. Nikamwita mke wangu aje aone. Alipitisha vidole kwa ndani, upande unaoelekea honi, akavirudisha.

"Hapa mbona kama kisigino cha soksi?"

Kwa ndani rekzini ilikuwa imejikunja mikunjo, kila sentimita chache kikunjo kimoja, na gundi imechungulia kila penye nafasi. Nilijaribu kuvilaza kwa kijiko cha moto. Usijaribu kijiko cha moto.

Nilichokipeleka kwa mzee wa viatu siku ya pili kilikuwa aibu, lakini nilikipeleka. Mzee huyu anakaa kwenye baraza ya duka moja si mbali na geti la zamani, na kazi yake kubwa ni kushona sandali za madereva wa malori na mikoba ya akina mama wa Sofia, mtaa wa hapa Busia. Kiswahili chake ni cha Busia hasa, kile kisichojua mpaka uko wapi. (Watu wa Kampala hunishangaa ninavyoandika kwa Kiswahili. Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005, na 2022 baraza la mawaziri likakipigia mhuri tena. Sisi huku tulikuwa tayari tunagombania bei ya nyanya kwa Kiswahili bila kungoja kikao.)

Mzee alikigeuza kile kipande, akanusa gundi, akauliza, "Kijana, hii umepima wapi?"

"Kwa nje, mzee. Mzunguko wote."

"Na ndani umepima?"

Sikuwa nimepima. Akachukua kamba ya kiatu, akachora duara kwenye vumbi, na ndani yake duara dogo. Akasema ngozi moja hiyo hiyo inatakiwa ikae kwenye njia mbili, ndefu na fupi. Nilirudi garini nikapima kwa ndani: sentimita 100 na ushee. Tofauti ya karibu sentimita 19! Karibu shubiri nzima ya ngozi ya ziada haina pa kwenda, na ikikosa pa kwenda inajikunja. Rekzini ina kitambaa nyuma yake, haivutiki vya kutosha wala haisinyai. Ngozi ya mnyama inafanya yote mawili ukiibembeleza kwa maji na joto.

Ndipo mzee akaniambia lile ambalo lingeniokolea rekzini na gundi. "Mavazi ya mtu unakata makubwa, yampwaye kidogo. Hii kata ndogo. Ikiingia kwa raha, umeharibu."

Ngozi niliitafuta Kampala, maeneo ya soko la Owino, kwa wauzaji wanaowauzia mafundi viatu. Uganda ina ng'ombe wengi na ngozi nyingi, lakini sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa imefikia hatua ya kwanza tu ya kiwandani, bado mbichi mbichi na ina rangi ya samawati kwa sababu ya dawa ya kromu. Kwa hiyo ngozi iliyokamilika, iliyopakwa rangi na kulainishwa, unaweza kuikuta imesafiri kuliko ng'ombe mwenyewe. Mwuzaji mmoja alinishauri ngozi nene ya mkanda, eti itadumu. Nilikuwa nimeshaelekezwa: ngozi ya mkanda imetengenezwa kwa magome ya miti, ni ngumu, ukiikunja inapasuka rangi. Ya usukani iwe ya kromu, unene wa milimita moja na nukta kidogo. Ya koti ni nyembamba, itatoboka kwa uzi. Nyingine nilizozishika zilikuwa za tumboni, laini kupita kiasi. Ukizivuta zinakwenda na hazirudi. Nikachukua kipande cha mgongoni, shilingi 60,000, na uzi wa nailoni uliopakwa nta, 8,000.

Kabla ya kukata lazima uwe na kiolezo, na hapa ndipo nilipoona raha. Unaufunga usukani kwa ile nailoni nyembamba ya kufunikia chakula, juu yake unabandika selotepu ya karatasi, tabaka mbili, mpaka usukani uonekane kama mguu uliovunjika. Kisha kwa kalamu unachora mstari wa katikati kwa ndani, mahali mshono utakapopita, unachora pia mipaka ya mikono ya usukani, ile inayounganisha duara na katikati, halafu unaikata kwa wembe taratibu na kuivua. Ukiilaza mezani unapata ngozi ya karatasi ya usukani wako, na yote uliyokuwa unayadhania kuwa yamenyooka unayakuta yamepinda. Kiolezo changu nilikigawa vipande vinne, viungo vikiangukia penye mikono ambapo macho hayafiki sana. Jumla ya urefu nikaipunguza hadi sentimita 114, tano pungufu ya mzunguko wa nje. Upana ulikuwa milimita 96 kwa uzi; nikakata 90.

Kukata kitu kidogo kuliko kinachovikwa ni jambo linalouma. Mkono wangu ulikataa. Nilirudia kupima mara nne nikitumaini kipimo kitabadilika.

Mzee alinishonea pindo kwa cherehani yake ya viatu: mstari mmoja wa mshono ukifuata kila ukingo, milimita tatu kutoka mwisho, hatua za milimita tano. Huu mshono haushiki chochote. Kazi yake ni kuacha vitanzi, na sindano ya mkono baadaye inapita kwenye vitanzi hivyo, si kwenye ngozi. Ndiyo siri ya usukani wa kiwandani kuonekana umeshonwa na malaika: nafasi kati ya mshono na mshono tayari imepimwa na mashine. Anayetoboa ngozi yenyewe kwa jicho atapata meno ya mzee.

Sasa kuhusu kuufungua usukani. Watu wengi huanza kwa kuufungua, wakaushone mezani kwa starehe. Mimi sikuufungua, na si kwa uvivu. Katikati ya usukani mna eabegi, na eabegi ni baruti ndogo iliyokunjwa pamoja na mfuko. Anayetaka kufungua achomoe kwanza waya hasi wa betri, na vitabu vya ufundi vya Toyota vinataka angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote, kwa sababu mfumo ule huhifadhi umeme wake wa akiba. Ikishatoka uilaze uso juu, kamwe usiiinamishe kifudifudi mezani, maana ikilipuka itajirusha juu. Na nyuma yake kuna utepe wa waya uliozungushwa kama springi ya saa. Ukiuzungusha ovyo ukiwa wazi, siku unakata kona unaukata na honi inakufa pamoja na eabegi. Fundi makenika anayejua anafanya haya kwa dakika chache. Mimi si fundi, na nilichokuwa nashona kinafikika nikiwa nimekaa kitini. Kitu kimoja tu nasisitiza: usifunike wala kupaka gundi kile kifuniko cha katikati. Kina mistari myembamba kwa nyuma ambako kinapasuka, na kinapasuka vizuri pale tu kikiachwa kama kilivyo.

Nilianza Jumamosi baada ya magharibi. Kiti nyuma hadi mwisho, taa ya kichwani, redio chini chini. Usukani nilikuwa nimeupangusa kwa spiriti mara tatu hadi kitambaa kikatoka kisafi, nikapitisha msasa laini pale kwenye vidonda. Ngozi nikaipangusa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu upande wa nyama, yaani wa nyuma, nikaiacha inywe. Viungo vitatu vilikuwa vimeshashonwa. Kiungo cha mwisho kilibaki wazi, kikae chini kabisa. Nikaanzia juu, nikavuta kwenda chini kushoto, kisha kulia, na ncha mbili zikabaki zimeachana kwa upana wa vidole vitatu.

Vidole vitatu! Nilimlaani mzee kwa heshima zote. Nikaomba kikausha nywele cha binti yangu, nikavuta waya dirishani, nikapasha joto ngozi huku nikiivuta kwa viganja, kama mtu anayemvisha mtoto kiatu kilichoanza kumbana. Ngozi iliyo na unyevu ikipata joto inalegea ghafla. Unaisikia chini ya gumba. Baada ya robo saa ncha zikagusana. Nikazishona kwa shazia nyembamba, mishono minane, na mikono ikitetemeka.

Kilichofuata ni kufunga, na ni kama kufunga kamba za viatu: sindano mbili kwenye uzi mmoja, huyu anapita chini ya kitanzi cha kushoto anakwenda kulia, huyu wa kulia anakwenda kushoto, unavuta kwa pamoja, kingo zinasogeleana. Kwa kila nafasi kati ya mkono na mkono nilikata uzi wa pima moja. Usivute kila mshono mpaka mwisho; funga mitano sita kwa kulegea, kisha rudi uikaze mmoja mmoja, la sivyo ngozi itakusanyika yote mbele yako kama zulia mlangoni. Penye mikono ya usukani nilipaka gundi ya viatu pande zote mbili, nikaiacha hadi ikaacha kunata kidoleni, ndipo nikaisukumia ukingo ndani ya ufa wa plastiki kwa bisibisi bapa niliyoifunga kitambaa. Kwingine kote sikuweka gundi. Ngozi iliyobana haihitaji kugundishwa, na siku ukitaka kuibadilisha utanishukuru.

Karibu mishono 200 kila ukingo. Huwezi kuifanya haraka. Vidole vinachimbwa na uzi, na mimi nilivifunga plasta baada ya nusu saa, jambo ambalo ningelifanya kabla. Usukani nilikuwa nauzungusha kidogo kidogo ili sehemu ninayoshona ije mbele yangu, na kwa sababu hiyo ufunguo ulikaa umewashwa nusu, usukani usijifunge. Redio ikaimba. Nikaenda kulala saa saba usiku nikiwa nimebakiza robo moja, upande wa juu kushoto.

Jumapili asubuhi gari halikutoa hata mlio. Ufunguo ulikuwa palepale nilipouacha na betri imekwisha kabisa. Jirani alileta lake, tukaunganisha waya, na alipoinama kuangalia kwa ndani akaona usukani ulioshonwa robo tatu, sindano mbili zikining'inia. "Sasa hapa nani anamtibu nani?" akauliza.

Nilimaliza jioni. Usukani umenenepa kidogo, kiasi cha ngozi na mshono, na kwa mkono wangu ni bora kuliko ulivyokuwa. Siku mbili za kwanza ulitoa harufu ya duka la viatu. Mikunjo midogo iliyobaki kwa ndani ilitoweka yenyewe ngozi ilipokauka na kusinyaa, nami nikaelewa kwa nini mzee aliitaka ndogo: ikikauka inaukumbatia usukani kwa nguvu ambayo gundi haina. Mpaka leo ni mwezi wa tisa tangu niushone. Nauosha kwa kitambaa chenye maji, siupaki kitu, na sanitaiza naingoja ikauke mkononi. Dirishani naegemeza boksi la karatasi nikiegesha juani. Kanzu ni nyeupe, isipokuwa ile ya kwanza, ambayo sasa ninavaa nikilisha kuku.

Nilipompelekea mzee ujira wake wa pindo nilimkaribisha akae kwenye kiti cha dereva. Alipangusa mikono kwenye suruali kwanza. Hakuangalia, alifumba macho, akapitisha gumba kwa ndani kuanzia juu, polepole, akizunguka kulia, akapita saa tisa, akapita chini. Alipofika saa moja, gumba lilisimama. Pale nilikuwa nimeruka kitanzi kimoja Jumamosi usiku, nikakigundua mishono kumi baadaye, nikaona si kitu, nikaendelea.

"Hapa," akasema, "ulikuwa na usingizi."

Kisha akafungua macho, akauliza kama naelekea Sofia, maana jua lilikuwa linazama na mguu unamsumbua.